Tarumbeta la Askari Mikononi mwa Raia

Maandishi ya mazungumzo kwa bendi za vijana, vikundi vya utamaduni na wakazi wa Kaunti ya Mombasa. Yanachapishwa kwa faida ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Ni nadra kumpata mkazi wa Mombasa ambaye hajawahi kusimama kando ya njia kupisha matarumbeta. Bwana harusi anasindikizwa, ngoma kubwa inapigwa, watoto wametangulia wakicheza, kina mama wanapiga vigelegele, na mwenye tuktuk hana budi kuzima injini na kungoja. Watu hufurahi, kisha hurudi kwenye shughuli zao. Wachache hujiuliza mbona bwana harusi ambaye hajawahi kushika bunduki anatembezwa kwa mdundo wa kwata.

Jibu la swali hilo ndilo mada ya leo. Wako vijana wanaouliza kama inawezekana kuunda bendi ya kuigiza muziki wa kijeshi wa zamani: kupiga nyimbo zile zile, kwa ala za aina ile ile, wakivaa kama walivyovaa wapigaji wa enzi hizo, ili watu waione na kuisikia historia badala ya kuisoma tu. Inawezekana. Lakini anayevaa nguo za marehemu sharti ajue marehemu alikuwa nani, na katika Pwani hii hadithi hiyo haianzi wala haiishii kwa Waingereza.

Pembe ya shaba ilikuwa hapa kabla ya jeshi lolote la kikoloni. Nendeni Makumbusho ya Lamu mkazione siwa mbili: ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ambayo ni ya shaba. Siwa ilipulizwa kwa mambo makubwa, na haikupulizwa na kila mtu. Kulikuwa na mabaragumu pia, na zumari, na matari ya zefe. Kwa hiyo bendi za Kizungu zilipofika, sikio la mtu wa Pwani halikuwa geni kwa mlio wa pembe wala kwa mwendo wa watu wanaotembea nyuma ya mlio huo. Ugeni ulikuwa katika mpangilio: mistari iliyonyooka, mguu wa kushoto kwa pigo la kwanza, sare moja kwa wote, na ala kumi au ishirini zinazonyamaza pamoja kwa ishara ya mtu mmoja.

Mpangilio huo uliingia kwa milango kadhaa. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya wanamuziki wa Kigoa, na kuanzia 1877 alikuwa na jeshi lililofunzwa kwa mtindo wa Kizungu chini ya afisa Mwingereza, Lloyd Mathews. Hapa Mombasa kuna Freretown, ambayo kengele yake bado inasimama pale Kengeleni. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na katika makao ya misheni ya namna hiyo vijana walifundishwa nyimbo na ala za Kizungu pamoja na kusoma na useremala. Kisha, mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake, kikosi cha East African Rifles kiliundwa na makao yake yakawa hapa hapa Mombasa. Tarehe 1 Januari 1902 kikosi hicho kiliunganishwa na vingine kikawa King's African Rifles, yaani KAR, ambao wazee waliwaita Keya.

Fikirieni basi kijana wa Mji wa Kale katika miaka hiyo. Asubuhi anasikia parapanda, jioni anaona gwaride. Anaona kwamba mtu yule yule aliyekuwa jirani yake jana, leo akivaa tarbushi na kutembea nyuma ya ngoma, anapishwa njia. Hakuhitaji kuambiwa maana yake.

Hapo ndipo ilipozaliwa beni. Jina lenyewe ni neno "band" lililokaa vizuri kinywani mwa Mswahili. Profesa Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima kuhusu ngoma hii mwaka 1975, anaonyesha kwamba chimbuko lake ni miji ya Pwani ya Kenya, Mombasa ikiwamo, katika miaka ya 1890. Mombasa ilikuwa na vyama viwili mashuhuri, Kingi na Skochi. Kingi kilibeba jina la mfalme wa Uingereza. Skochi kilichagua Waskoti, wale askari wa marinda, na kikawaiga mpaka kwenye mavazi. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake, kuanzia mfalme na gavana mpaka majenerali, makapteni, mahakimu na madaktari. Barua ziliandikwa kwa mihuri. Aliyevunja nidhamu alitozwa faini. Siku ya mashindano, upande mmoja ulitoka barabarani kwa ngoma, matarumbeta na sare zilizopigwa pasi, na upande wa pili ukajibu kwa makubwa zaidi, na chakula kikapikwa kiasi cha kuwatia watu madeni.

Kina mama hawakubaki dirishani. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama vya lelemama, vikiwamo Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo navyo vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali. Anayepanga onyesho la beni la wanaume peke yao anaonyesha nusu ya mji.

Wako wanaosema beni ilikuwa kasumba, watu waliotawaliwa wakijipendekeza kwa kumwiga mtawala. Wako wanaosema ilikuwa dhihaka, watu wakimcheka Mzungu mbele ya macho yake. Maelezo yote mawili ni mepesi mno. Mtu aliyekataliwa cheo cha kapteni serikalini alijipa cheo hicho mtaani, akakitumikia kwa heshima, akazika wenziwe na kukopesha wajane, kwa sababu vyama hivi vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Alicheka na alijivuna kwa wakati mmoja. Anayetaka kupiga beni leo asichague moja kati ya hayo mawili, maana muziki wenyewe haukuchagua: ngoma inakwenda kwata, lakini viuno vya wanaoifuata haviendi kwata hata kidogo.

Watawala ndio waliopata taabu kuuelewa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maafisa wa Kiingereza Tanganyika walichunguza vyama vya beni wakihofia kwamba nyuma ya ngoma kulikuwa na njama. Mwaka 1935, wachimba migodi wa shaba walipogoma katika nchi ambayo sasa ni Zambia, tume ya serikali ilihoji pia kuhusu wacheza mbeni, kwa kuwa chama kilichoweza kupanga watu mia kwa mistari kiliweza kupanga mengine pia.

Beni ilifikaje Zambia kutoka Mombasa? Ilitembea kwa miguu, na hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo maonyesho mengi ya muziki wa kijeshi huiruka.

Vita vilipozuka Agosti 1914, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mwezi huo huo. Kwa miaka minne majeshi yakafukuzana kutoka hapo mpaka Msumbiji na Zambia. Hakukuwa na barabara za magari za kutosha, na ndorobo waliua farasi na nyumbu. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani. Mwaka 1915 serikali ya himaya ilitunga sheria ya kuwalazimisha watu kubeba mizigo, na mwaka 1917 msako wa wapagazi ukawa mkali kuliko wakati wowote. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria, baridi na chakula kisichoiva kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki kuwa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi wao majina yao wenyewe hayakuandikwa mahali popote.

Kambini, usiku, watu hao walikutana: Mdigo na Mkamba, Mnyamwezi na Mnyasa, waliokuwa upande wa Mwingereza na waliotekwa kutoka upande wa Mjerumani. Beni ilikuwa ngoma ambayo wote wangeweza kuishika, kwa kuwa ilitumia Kiswahili na ilitumia kitu ambacho wote walikuwa wamekiona, yaani gwaride. Waliorudi makwao walirudi nayo. Tanganyika ilipata vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kutoka mji hadi mji. Malawi, ambako tarumbeta la shaba lilikuwa ghali, watu walikata vibuyu, wakavifunika tundu kwa utando wa buibui, na wakapata mlio wa bendi nzima. Ngoma hiyo inaitwa malipenga, na inachezwa mpaka leo.

Sasa tazameni nje kidogo, kwa sababu kuna watu ambao wameifanya kazi hii ya kuigiza bendi za kijeshi kwa muda mrefu na makosa yao yanafundisha.

Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili yaendelee kumiliki watumwa, na Kaskazini ikakataa kuachana nayo. Vikosi vingi vilikwenda vitani na bendi za matarumbeta. Ala nyingi za wakati huo zilikuwa na umbo la ajabu: mdomo wake mpana ulipita juu ya bega la mpigaji ukaelekea nyuma, ili askari waliomfuata wausikie muziki vizuri. Bendi zilikuwa nyingi mpaka Julai 1862 bunge la Marekani likaamua kuziondoa zile za vikosi vidogo na kuacha bendi za brigedi tu, zenye wanamuziki 16 kila moja, kwa sababu ya gharama. Na risasi zilipoanza kulia, wapigaji wengi waliweka ala chini wakawa wabeba majeruhi.

Bendi moja ya Kusini inajulikana kuliko nyingi. Ilikuwa ya Kikosi cha 26 cha North Carolina, na wanamuziki wake walitoka mji wa Salem, watu wa Kanisa la Moravian, kanisa lile lile lenye waumini wengi Tabora na Mbeya. Wamoravian wa Salem walikuwa na desturi ya kupiga ala za shaba makaburini alfajiri ya Pasaka, kwa hiyo walikwenda vitani wakiwa tayari wanajua kazi. Tarehe 1 Julai 1863, huko Gettysburg, kikosi chao cha watu takribani 800 kilipoteza zaidi ya 500 kwa kufa, kujeruhiwa au kutekwa. Kesho yake wapigaji, waliokuwa wakiwahudumia majeruhi, waliitwa wakawapigie muziki waliobaki ili wapate moyo. Afisa Mwingereza aliyekuwapo, Arthur Fremantle, aliandika kwamba siku hiyo alisikia bendi ikipiga muziki wa dansi huku mizinga ikinguruma. Vitabu vya muziki vya bendi hiyo ya Salem vimehifadhiwa mpaka leo mjini Winston-Salem, na wanaoiigiza wanapiga kutoka kwenye kurasa hizo.

Jimbo la Wisconsin lina bendi ya namna hiyo tangu 1964, inayoitwa First Brigade Band. Wanachama wake ni raia wa kawaida, wanavaa sare za miaka ya 1860, na wanapiga ala za wakati huo zilizokarabatiwa. Kila Novemba mji wa Gettysburg hujaa waigizaji wa historia wanaoandamana kwa ngoma na tarumbeta.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, ungeyatazama magwaride ya namna hiyo ungedhani vita vile vilikuwa ugomvi wa ndugu wawili weupe. Watu weusi wapatao 180,000 walipigana katika jeshi la Kaskazini, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, na hawakuonekana. Mabadiliko yalikuja Wamarekani weusi waliposhona sare wenyewe na kuunda vikundi vya kuigiza Kikosi cha 54 cha Massachusetts. Filamu ya Glory ilipotoka mwaka 1989, waigizaji kama hao walikuwamo ndani yake, na baada ya hapo vikundi vikaongezeka. Hawakuomba gwaride lifutwe. Waliingia ndani yake wakiwa na bunduki na ngoma zao, na maana ya gwaride zima ikabadilika.

Kwa bendi ya Mombasa funzo hilo linagusa moja kwa moja. Bendi itakayotoka na wapigaji ishirini wenye tarbushi nyekundu, ikapiga Funga Safari, ule wimbo wa mwendo wa KAR ambao Jeshi la Kenya limeurithi, kisha ikashangiliwa na kwenda zake, itakuwa imeonyesha vita kama vilivyotazamwa kutoka verandani. Nyuma ya wapigaji hao wanatakiwa watu wenye mizigo kichwani. Si lazima wawe wengi. Kumi wanatosha, bila viatu, bila sare, wakitembea kimya katika mwendo usiolingana na ngoma. Watazamaji wataelewa bila hotuba. Sanamu za Askari zilizowekwa miaka ya 1920 Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ni ushahidi kwamba hata serikali ya kikoloni ilijua ina deni la kumbukumbu. Katika ile ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki.

Sasa yaje ya kazi yenyewe, maana vijana wamekuja kuuliza la kufanya.

Tuanzie kwenye ala. Ziko nyumba katika mitaa ya zamani ambazo juu ya kabati au chini ya kitanda kuna tarumbeta la babu, au besi iliyobonyea. Chuma chakavu kina bei, na shaba ina bei kubwa zaidi. Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vifaa vya umeme, kisha ikairuhusu tena mwaka huo huo kwa masharti. Tarumbeta lililopimwa kwa kilo halirudi. Kabla ya kuliuza, litazameni karibu na mdomo wake mpana. Mara nyingi kuna muhuri wa mtengenezaji. Ukisoma Boosey & Co. peke yake, au Hawkes & Son peke yake, ujue ala hiyo ilitengenezwa kabla kampuni hizo mbili hazijaungana mwaka 1930. Ukisoma Boosey & Hawkes, ni ya baada ya hapo. Kwa hiyo mstari mmoja wa maandishi unaweza kuwaambia wajukuu kama babu yao aliipata zana ya wakati wa Kingi na Skochi au ya baadaye. Hii ndiyo sababu ya kutosugua ala ya zamani kwa mchanga, majivu au dawa kali ya kung'arisha: kinachong'aa ni shaba, kinachofutika ni muhuri. Maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo na kitambaa vinatosha. Hewa ya chumvi huleta kutu ya kijani, kwa hiyo ala ikaushwe ndani na nje, na pistoni zitiwe mafuta yake, si mafuta ya kupikia.

Ala hiyo ikipona, itawashangaza. Itakataa kupatana na kinanda cha kisasa. Wengi hapo hudhani imeharibika, wakaitupa. Haijaharibika. Siku hizi noti ambayo ala zote hulinganishwa nayo huwa na mitetemo 440 kwa sekunde. Bendi za jeshi la Uingereza zilitumia kiwango cha juu zaidi, takribani mitetemo 452, mpaka jeshi lilipokiteremsha mwishoni mwa miaka ya 1920. Tofauti hiyo ni karibu robo ya toni, kiasi cha kuuma masikio. Dawa yake ni kutoichanganya ala ya zamani na za sasa. Wekeni za zamani pamoja, hata zikiwa tatu tu na ngoma, mtausikia mlio mkali na mwembamba kidogo ambao wakazi wa miaka ile waliusikia.

Jambo gumu zaidi ni nyimbo. Wamarekani wana vitabu vya Salem. Bendi za KAR, kama bendi nyingine za jeshi, zilipiga kwa kusoma noti, lakini beni ya mtaani ilipigwa kwa sikio. Fundi alisikia wimbo wa gwaride, akaubeba kichwani, akautilia maneno ya Kiswahili ya kumchoma mpinzani, akaugeuza mwendo mahali palipohitaji kuchezwa. Kitabu chake kilikuwa kifua chake. Mzee mmoja akifariki, kurasa zake zote zinakwenda naye, na wazee waliopiga na waliofundishwa na kizazi cha Kingi na Skochi wamebaki wachache sana. Simu iliyo mfukoni mwa kila kijana hapa ina kinasa sauti. Mwendeeni mzee kwa adabu, baada ya swala ya alasiri au baada ya ibada, si wakati wa kula. Msimwombe aimbe mara moja. Muulizeni nani alimfundisha, waliandamana njia gani, nani alikuwa mpinzani, walishinda lini na kwa jambo gani. Wimbo utakuja wenyewe. Akiuimba, msimsahihishe, hata akiurudia kwa namna tofauti na ya kwanza, kwa maana huenda zote mbili ndizo. Rekodi hiyo ni mali yake na ya watu wake, na haifai kuwekwa mtandaoni bila idhini yake. Baadhi ya maneno ya beni yalikuwa makali, yakataja familia kwa majina, na wajukuu wa waliotajwa ni majirani.

Kuhusu mavazi, tahadhari. Sheria za Kenya zinakataza raia kuvaa sare za vikosi vya ulinzi au za polisi, au mavazi yanayofanana nazo kiasi cha kumfanya mtu aaminike kuwa ni askari. Msinunue nguo za madoadoa ya kijeshi sokoni mkidhani ni mchezo. Sare ya mwaka 1915, ya kaki yenye patisi za kufungwa miguuni na tarbushi, haifanani na ya leo, lakini hata hiyo msitoke nayo barabarani kabla ya kupata ushauri na kibali cha maandishi. Maandamano ya hadhara nayo yanahitaji taarifa kwa kituo cha polisi angalau siku 3 kabla, na si zaidi ya siku 14. Kuna njia nyingine isiyo na usumbufu huo, na pengine ni ya kweli zaidi kwa Mombasa: vaeni kama beni badala ya kuvaa kama KAR. Beni haikuwahi kuwa sare halisi ya jeshi lolote. Ilikuwa koti la fundi wa mtaani lenye vifungo vingi kuliko vya jenerali, tepe za rangi ambazo hakuna kikosi kilichozitambua, miwani, fimbo, na maua kwenye kofia. Hakuna polisi atakayeichanganya na sare ya serikali, na hakuna mzee atakayekosa kuitambua. Zanzibar wanayo beni ya Mbwa Kachoka, inayopiga kwa mzaha wa namna hiyo harusini na katika matamasha, na watu huifuata mtaa hadi mtaa.

Baadhi ya wakazi wataona uchungu kwa muziki huu. Mtu ambaye babu yake alichukuliwa usiku kwenda kubeba mizigo hana sababu ya kufurahia parapanda ya waliomchukua, na hapaswi kulazimishwa. Vivyo hivyo, familia ya askari wa KAR aliyetumikia kwa miaka ishirini ina haki ya kumkumbuka kwa fahari. Wote wawili wanaishi Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita, mara nyingine katika nyumba moja. Bendi yenye busara itawaita wote kabla ya mazoezi ya kwanza, si baada ya malalamiko, na itauliza kila upande wimbo gani upigwe na wimbo gani uachwe.

Kwa sasa, walio na ala, picha, kofia, daftari la chama au risiti ya zamani ya kununulia tarumbeta wasiviuze wala kuvitupa. Wamwone afisa wa utamaduni wa kaunti, ili kila kitu kipigwe picha na kuandikwa jina la mwenyewe, kisha kirudishwe kwake siku hiyo hiyo. Hata tarumbeta lililopasuka lisilotoa sauti liletwe, na hata kipulizio kilichobaki peke yake.